Kazi Iliyofunikwa na Lipu

Mtu anunuapo nyumba ya miti iliyokandikwa udongo, kisha akabomoa ukuta wa jiko ili alipanue, ndipo amjuapo yule aliyejenga kwanza. Nje lipu ni nyeupe. Ndani nguzo zimeliwa na mchwa, kwa kuwa palikatwa miti laini ya porini badala ya boriti za mkoko, ambazo mchwa hawazili upesi. Tena chokaa ilichanganywa na mchanga wa pwani usiooshwa. Chumvi yake huvuta unyevu, na lipu ikabanduka.

Mwenye nyumba humlaumu mjenzi, na ana haki. Walakini nauliza: mjenzi alimkosea nani? Siku ile mnunuzi hakujulikana. Pengine alikuwa hajazaliwa. Wako wasemao kwamba hapana deni kwa mtu usiyemjua. Silikubali neno hili. Ukuta wa jiko husimamishwa ili watu wapike na kuketi kando yake, wawe nani wawe. Naye aujengaye amekwisha kuahidi, ijapokuwa hakutamka neno.

Lakini huenda mjenzi yule hakujua habari za chumvi wala za mkoko. Huyu abomoaye sasa anajua. Fedha zikimpungukia, akapiga lipu mpya juu ya nguzo zile zile, akaiuza nyumba kimya, atatoa udhuru gani? Afadhali auache ukuta wazi, abadili nguzo mbili mwaka huu na mbili mwakani. Na mnunuzi akija, aone kwa macho yake.