Je, Akipendaye Kitu Ana Haki ya Kukitwaa?

Ndugu msomaji, jina la Iskanderia si geni kwako. Apolo alizaliwa huko, na marikebu mbili za mji huo zilimchukua Paulo katika safari yake ya kwenda Roma. Mji huu uko Misri, ukingoni mwa Bahari ya Kati, nao uliasisiwa mwaka 331 kabla ya Kristo. Mgeni aufikaye leo hutazamia kuona makuu aliyoyasikia, naye huona machache. Mnara wa taa, uliohesabiwa katika maajabu saba ya dunia, uliharibiwa na matetemeko ya nchi, hasa yale ya mwaka 1303 na 1323. Mahali pake pana ngome ya Sultani Qaitbay, iliyoanza kujengwa mwaka 1477 kwa mawe ya mnara ule ule. Nyumba ya vitabu ya kale haipo. Iliyopo ilifunguliwa mwaka 2002. Vitu vingi vilivunjika au kuzama, lakini vingine vilichukuliwa, na hivyo ndivyo nitakavyo tuvifikiri.

Yasimuliwa kwamba mwaka 828 wafanya biashara wawili wa Venice waliuchukua mwili ulioheshimiwa huko kuwa wa Marko Mwinjilisti. Wakauficha chini ya nyama ya nguruwe, wakijua kwamba watu wa forodha, kwa kuwa ni Waislamu, hawataigusa. Watu wa Venice hawakuona haya. Walimjengea Marko kanisa kubwa, na habari ya nyama ile wakaionyesha humo kwa picha za vijiwe vya rangi. Ni mwizi gani auchoraye wizi wake ukutani? Ni yule asiyeuita wizi. Walisema mwili ule ulikuwa hatarini.

Udhuru huu tusiucheke upesi. Nyumba ya jirani ikiungua, naye mtu akatoa sanduku lake, hatumwiti mwizi. Lakini moto ukiisha kuzimika, sanduku li wapi? Wakristo wa Misri, yaani Wakopti, hawakuacha kumhesabu Marko kuwa baba yao. Walingoja zaidi ya miaka 1100, hata mwaka 1968 Papa Paulo wa Sita akawarudishia baadhi ya masalio yale, yakawekwa Cairo. Mengine yako Venice hata leo.

Wala tusidhani kwamba Iskanderia yenyewe ilikuwa na mikono safi. Galen, tabibu wa kale, aeleza kwamba mfalme Ptolemayo aliamuru vitabu vilivyokuja na marikebu vitwaliwe na kunakiliwa. Mwenyewe akarudishiwa nakala, kitabu cha asili kikabaki. Kwa Waathene aliazima vitabu vya michezo yao ya kuigiza, akaweka rehani talanta 15 za fedha; kisha akawapelekea nakala nzuri, akawaachia ile fedha. Naona jambo hili ni baya kuliko lile la nyama, kwa kuwa mfalme alikuwa ametoa ahadi. Tena, kama angaliona nakala ni sawa na asili, angalibaki na nakala yeye mwenyewe.

Hata zile nguzo mbili za jiwe, ambazo moja yasimama London tangu 1878 na ya pili New York tangu 1881, Warumi walizileta Iskanderia kutoka Heliopolis. Hizi watawala wa Misri walizitoa kuwa zawadi. Ni kweli, lakini mtawala atoaye kitu kilichokaa mjini karibu miaka 1900, amemwuliza nani?

Mtu atasema: ikiwa kila aliyenyang'anywa naye alinyang'anya, hesabu hii haina mwisho, na tuiache. Sikubali. Deni langu kwa jirani halifutwi kwa sababu jirani naye anadaiwa na mwingine.

Wala haya si ya wafalme peke yao. Mgeni atembeaye penye magofu huona kigae kidogo mchangani. Sheria ya Misri ya mwaka 1983 yakataza kuvitoa vitu vya kale nchini. Lakini tuseme hakuna sheria wala mlinzi. Tuseme pia kwamba mgeni huyu amekipenda kigae kile kweli, kuliko mtoto wa mji apitaye hapo kila siku bila kukitazama. Moyo wake wamwambia, "Mimi nitakitunza." Watu wa Venice nao walisema hivyo. Na yule mtoto hajaulizwa. Huenda atakapokuwa mzee ndipo atakapokuja kukitafuta.