Nyanya wa Mlango wa Pili
Tangu mwaka 1994, sera ya elimu ya Kenya inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Vizuri, lakini mtoto atabaki na nani? Katika mitaa ya Nairobi kama Kibera na hata Kawangware, wakati mwingine anayejitolea ni jirani: nyanya wa kabila lingine, pengine hata dini nyingine. Alfajiri anampokea mtoto mlangoni, bado amelala, na chupa ya uji na leso ya kumbadilishia. Mama yake, binti wa miaka 17, anakimbilia gwaride la shule. Kwangu mimi, nyanya huyo ndiye anayeitekeleza sera ile, tena bila mshahara. Ukimjua mmoja, mpigie hodi leo, umpelekee unga na sabuni.