Deni la Manyunyu

Mtoto wa Saza akimshika chura wa kidimbwini akamtia katika chupa, hufanya mambo mawili kwa mkono mmoja: humpa chura nyumba, na humnyang'anya maji yake. La kwanza huonekana. La pili aghalabu halitazamwi. Walakini Saza, katika Wilaya ya Songwe, si mahali pa kusahau habari za maji. Ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa New Saza ulifungwa mwaka 1956, lakini uchimbaji haukukoma, na wachimbaji wadogo wa eneo la Lupa huinasa dhahabu kwa zebaki. Sumu hiyo ikiisha kuingia katika maji haionekani wala hainuki. Mtu wa huko hana haja ya kufundishwa kwamba maji maangavu si lazima yawe maji safi.

Swali ni hili: aliyemtoa kiumbe katika maji yake, kila anapomnyunyizia maji mengine humfanyia hisani, au hulipa deni?

Jibu halipatikani bila ya kumjua chura. Chura hanywi kwa kinywa. Hunywa kwa ngozi, hasa ya tumboni na ya mapajani, na kwa ngozi hiyo hiyo huvuta sehemu ya pumzi yake. Mwanadamu akipewa maji mabaya aweza kuyatema. Chura hana pa kuyatemea, kwa kuwa yamekwisha kuwa mwilini mwake kabla hajayaonja. Klorini inayotiwa katika maji ya bomba ili kuwalinda watu humdhuru yeye. Shaba ya mabomba humdhuru. Sabuni iliyosalia katika ndoo humdhuru. Maji yaliyolala siku nyingi katika tangi la mashine ya kunyunyizia hufanya utelezi ndani ya mipira, na katika utelezi huo hukaa vijidudu. Mashine ikifunguliwa, huwarusha pamoja na manyunyu, wakamfikia chura, na pengine mlezi mwenyewe avutaye hewa ile ile. Chokaa nayo huziba vitundu vya kunyunyizia, upande mmoja wa sanduku ukakauka, hali mlezi asikia mvumo wa mashine na kuamini kwamba kazi inatendeka.

Kwa hiyo mlezi wa kweli humwaga maji ya jana hata kama hayajabadilika rangi. Huosha tangi na mipira, husuuza mpaka harufu ya dawa iishe, huviacha vikauke, ndipo atie maji mapya. Hujua kwamba klorini ya kawaida hutoka maji yakiachwa wazi katika chombo kipana siku nzima, lakini ile iliyofungamana na amonia haitoki kwa kungojewa. Huhitaji dawa yake au chujio. Kazi hii ni ya kuchosha, haina sifa, na hapana aionaye.

Yupo atakayesema kwamba haya ni makuu mno kwa chura. Mwenye kusema hivyo na atazame Kihansi, katika miteremko ya Udzungwa, ambako taifa zima lilisimama mahali pa yule mtoto mwenye chupa. Mwaka 1996 wataalamu walimkuta huko chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi sentimita 3, azaaye watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Hakupatikana popote pengine duniani ila katika hekta chache zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Wakati huo bwawa la umeme lilikuwa linajengwa. Mtambo wa megawati 180 ulipoanza kazi, sehemu kubwa sana ya maji ilipitishwa chini ya ardhi, na manyunyu yakakatika. Ndipo mabomba yakatandazwa korongoni, kuanzia mwaka 2000, yanyunyize kwa kazi ya watu yale ambayo maporomoko yaliyatoa bila ya kuombwa.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Maporomoko yangalikauka kwa ukame, hapana ambaye angalilaumiwa. Lakini tangu siku ile bomba la kwanza lilipofunguliwa, kila tone lilikuwa na mwenyewe, na kila saa ya ukavu ikawa ni tendo la mtu. Mwaka 2003 mabomba yaliharibika wakati wa kiangazi. Mwaka huo huo milango ya bwawa ilifunguliwa kwa muda ili kuondoa tope, na tope lilikuwa na dawa za kuulia wadudu zilizotoka katika mashamba ya juu. Mwaka huo huo, tena, ikaonekana kuvu ya ngozi ambayo imewaua vyura katika mabara mengi. Vyura waliokuwa wakihesabiwa kwa maelfu wakatoweka katika muda wa miezi. Wataalamu wamebishana ni lipi katika hayo lililotangulia. Yote matatu yalipita katika maji. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka katika pori.

Je, nia njema haimwokoi mlezi na lawama? Mwaka 1847, mjini Vienna, tabibu Ignaz Semmelweis aliona kwamba wazazi waliohudumiwa na madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti walikufa wengi kuliko waliohudumiwa na wakunga. Aliamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini, na vifo vikapungua. (Klorini ile ile iwaokoayo wazazi humuua chura, usafi wa mmoja si usafi wa mwingine.) Madaktari wengi walichukizwa, maana waliona wanatuhumiwa kwa uovu, ilhali walichoambiwa ni kunawa. Nia yao ilikuwa njema tangu mwanzo. Ilikaa moyoni, na mauti yakakaa mikononi, wala hayakukutana.

Vyura wapatao 500 walikuwa wamekwisha kupelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000. Huko nako walikufa wengi, wakabaki chini ya 100, mpaka walezi wao katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo walipojifunza kiasi cha mwanga, chakula na maji yanayowafaa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, wakawekwa Chuo Kikuu katika masanduku ya vioo yenye kunyunyiziwa. Na mwaka 2012 wa kwanza wakafunguliwa tena korongoni Kihansi. Umeme ulikuwa bado unahitajiwa, na maporomoko hayakurudishiwa maji yake yote. Yaliyowapokea kule ni manyunyu ya mabomba, na mtu wa kuzibua vitundu.