Pumzi na Majaaliwa

Asubuhi za Juni huko Igowole, wilayani Mufindi, ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya chai na kuni mbichi zikifuka katika jiko lisilo na dirisha, mwenye pumu huamka akihesabu pumzi zake kama bahili ahesabuvyo fedha. Na majirani, kwa huruma isiyo na hila, humwambia kuwa hayo ni majaaliwa ya Mola.

Nami husita kuitikia. Mama mmoja, baada ya kuamkiana, alinifungulia fundo la khanga: kipulizio cha buluu, cha kufungua kifua, kimechakaa kwa kushikwa. Kile cha kahawia, kitulizacho uvimbe wa njia za hewa na kitakiwacho kila siku, kilikuwa rafuni, kipya. “Cha nini, mwanangu, nami leo si mgonjwa?”

Hilo, kwa hakika, ni swali la kifalsafa: je, uzima ni kutosikia maumivu tu? Musa bin Maimun, tabibu na mwanazuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri, katika risala yake ya Kiarabu juu ya pumu, yapata mwaka 1190, alishughulika mno na hewa, chakula na usingizi, yaani siku ambazo mtu hajabanwa. Na tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haishauri tena mtu mzima ategemee dawa ya kufungua kifua peke yake.

Lakini kuni ndizo mama yule anazozimudu, na moshi huo nimwandikie nani lawama?

Akabonyeza kipulizio kabla ya kuvuta pumzi. Dawa ikamtoka pembeni mwa midomo, ikachanganyika na moshi.