Ziwa la Lita 60

Furu wangu sita niliwatoa kwenye ndoo ya chambo. Mjomba alikuwa ufukweni Butimba akipanga ndoana zake za sangara, na ndani ya ndoo walikuwa wakizunguka samaki wadogo wa urefu wa kidole. Mmoja alikuwa na wekundu kifuani, mwingine buluu ya kung'aa. Usiku ule wangechomekwa kwenye ndoana wakiwa hai. Nikamwomba sita.

"Wa kukaanga?" akauliza.

"Wa kuangalia."

Akacheka mpaka akaweka ndoana chini. "Mjomba, watu wanaangalia televisheni."

Nilirudi nyumbani na ndoo yangu nikijiona mtu mwema. Nimeokoa roho sita. Sikujua kwamba kuokoa ndiyo sehemu rahisi.

Tangi alinitengenezea fundi vioo, la lita 60. Kisha nikaenda mjini kutafuta filta. Muuzaji aliniwekea tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa sponji nyeusi yenye mrija, inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Inatoa mapovu, inaunguruma, na sura yake ni ya kitu kilichosahaulika jikoni. Ya pili inaning'inia nyuma ya tangi, inavuta maji, inayapitisha kwenye pamba na mkaa, kisha inayarudisha kama maporomoko madogo. Ya tatu ni kopo kubwa linalokaa chini ya meza na mipira yake miwili, na bei yake ilinifanya niitazame kwa heshima tu.

Nikauliza swali moja: ipi inatoa maji meupe zaidi? Akanionyesha ya pili. Nikalipa.

Ukiniuliza leo kosa langu lilianzia wapi, nitakwambia lilianzia kwenye swali lile. Sikuuliza furu anahitaji nini. Niliuliza nitamwonaje vizuri.

Nilidhani filta ni kama chujio la chai: inazuia takataka, basi. Kumbe hiyo ndiyo kazi yake ndogo. Samaki anatoa amonia, hasa kupitia mashavu yake, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza nyingine. Amonia haina rangi ndani ya maji, nayo ni sumu. Kinachomwokoa samaki ni bakteria wanaojenga makao kwenye sponji, kwenye pamba, kwenye changarawe. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine linageuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujikusanya. Yaani ule utelezi wa kahawia unaoonekana kama uchafu ndio filta yenyewe. Plastiki niliyolipia ni nyumba yao tu.

Wiki ya saba nilifungua filta nikakuta utelezi. Nikaona kinyaa. Nikatupa pamba yote, nikasugua kila kipande chini ya bomba. Maji ya bomba letu yametiwa klorini, na klorini imewekwa humo kuua bakteria. Ikaua. Sikubakiza chochote.

Siku mbili baadaye furu walikuwa juu ya maji wakihema. Siku ya tatu wanne walikuwa wamekufa, yule wa buluu akiwemo. Na maji, naomba uamini, yalikuwa meupe kuliko siku yoyote. Ningeweza kusoma gazeti kupitia tangi lile.

Nilimsimulia Mjomba. Hakucheka safari hii. Akasema, "Wangu walikufa kazini. Wako walikufa kwa ajili gani?"

Swali hilo nimeishi nalo. Kuna njia rahisi ya kulikwepa: ni samaki tu, mbona sangara unakula? Kweli, nakula, na sitajifanya kwamba mezani huwa nasita. Lakini nadhani njia hiyo inachanganya mambo mawili. Mjomba hakuwahi kumwambia furu kwamba anamtakia mema. Alimhitaji, akamtumia, na hakumwita rafiki. Mimi nilimchukua kwa jina la huruma, kisha nikampa kile nilichokitaka mimi. Furu wa ziwani maji yakiharibika hapa ana nafasi ya kuogelea kwenda kule. Wa kwangu hana pa kwenda. Kila mlango niliomfungia umegeuka kuwa kazi yangu. Ndiyo maana nadhani deni langu kwa furu mmoja wa kwenye kioo ni kubwa kuliko la Mjomba kwa ndoo nzima, ingawa yeye anaua wengi na mimi nimeua wanne.

Je, basi ni vibaya kuwafuga? Sijafika huko. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wakiwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza, pamoja na hii ghuba yetu ya Butimba. Ziwa Victoria lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na inakadiriwa spishi zipatazo 200 zilitoweka. Baadhi ya zilizopona zilihifadhiwa kwenye matangi Uholanzi, Uingereza na Marekani. Kuna wakati kioo ndicho ziwa pekee lililobaki.

Watafiti hao waligundua jambo jingine lililonirudisha kwenye swali langu la dukani. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba furu jike huchagua dume kwa rangi. Maji yakijaa tope na mwani, mwanga unapungua, rangi hazitofautishiki, na spishi zilizokuwa zinatengana kwa macho zinaanza kuchanganyika. Kwa hiyo maji meupe si anasa ya mtazamaji peke yake. Furu naye anayahitaji, ili amwone mwenzake. Sikukosea kuyatamani; nilikosea kudhani weupe ndio uzima.

Na hapo ndipo ziwa lenyewe linapoanza kunitisha. Filta za kawaida, hata ile ya kopo, haziondoi nitreti. Inalundikana kimyakimya, na maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inabaki. Dawa yake ni kutoa sehemu ya maji kila wiki na kuweka mapya. Sasa tazama Ziwa Victoria. Mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi mbolea wala kinyesi. Mafunjo ya kando ya ziwa yalikuwa sponji yetu, yenye utelezi wake, na mara ngapi tumeyaangalia tukaona uchafu unaofaa kufyekwa ili tupate shamba, au ili ufukwe upendeze? Mtambo wa maji wa hapa Butimba umejengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, na ninashukuru kila ninapofungua bomba. Ila unasafisha yale tunayokunywa sisi. Anayebaki ziwani anakunywa yaliyobaki. Na ziwa hakuna atakayelibadilishia maji Jumamosi.

Nimebaki na furu wawili. Nimenunua ile sponji mbaya. Naisuuza kwa maji ya tangi lenyewe, taratibu, na sehemu ya utelezi naiacha. Maji mapya nayalaza kwenye ndoo wazi usiku kucha klorini iondoke. Yale ya zamani namwagia mchicha, haupati kuwa na afya hivi. Tangi langu sasa lina kaukungu kidogo, na wageni huniuliza kama naliosha.

Juzi umeme ulikatika saa tano usiku. Pampu ikanyamaza. Mjomba alikuwa amelala kwetu. Nikaketi sebuleni na kikombe, nikichota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yachukue hewa, nikihesabu mia, napumzika, naanza tena. Saa nane akatoka chumbani, akasimama kunitazama kwa mwanga wa simu.

Nilisubiri utani wa televisheni. Akavuta kigoda, akanyoosha mkono.

"Lete kikombe, mjomba. Kalale."