Ushirika wa Darasani na Ushirika wa Mezani

Somo: Danieli 1:1-20



Kila mwaka, Oktoba au Novemba, vyuo vinapofunguliwa, viti vya nyuma kanisani kwetu hujaa. Twaona sura mpya za vijana waliokuja kusoma Moshi. Mji wetu si mkubwa, lakini Mungu ameujalia vyuo: kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kuna Chuo Kikuu cha Mwenge cha ndugu zetu Wakatoliki, kuna chuo cha madaktari pale KCMC, na huko juu Marangu kuna chuo cha ualimu. Vijana hao hukaa nasi miaka miwili, mitatu au zaidi, kisha huondoka. Leo tujiulize: katika miaka hiyo walikuwa wageni wetu, au ndugu zetu?

Danieli naye alikuwa mwanafunzi. Tumezoea kumkumbuka katika tundu la simba, tukasahau kwamba kabla ya simba kulikuwa na darasa. Alichukuliwa mbali na kwao, akatiwa katika masomo ya miaka mitatu, ajifunze elimu na lugha ya Wakaldayo, na mwishoni asimame mbele ya mfalme apimwe. Haya si mageni kwa mwanafunzi wa leo anayesomea shahada: miaka mitatu, masomo kwa lugha ya kigeni, na mtihani. Na jaribu la kwanza la Danieli halikuwa simba. Lilikuwa sahani ya chakula.

Tena tuangalie jambo hili: Danieli hakuwa peke yake. Hanania, Mishaeli na Azaria walikula mtama na kunywa maji pamoja naye. Na hatari ilipokuja katika sura ya pili, alikwenda nyumbani akawaambia wenzake, wakaomba pamoja. Mara nyingi twamsifu Danieli kwa moyo wake imara, na ni vema. Lakini moyo ule ulikuwa na mioyo mingine mitatu kando yake.

Sasa, ndugu, tunalo la kuungama. Kijana mmoja wa chuo aliimba sauti ya tatu katika kwaya yetu. Alitoka kusini, mwendo wa siku mbili kwa basi. Wenzake wa Kibosho na Machame hupanda mlimani Ijumaa, na Jumapili jioni hushuka na mkungu wa ndizi na mahindi ya makande. Yeye hakuwa na mlima wa kupanda. Baba yake alipougua, fedha za nyumbani zilikatika. Akaanza kubeba mizigo sokoni tangu alfajiri, akila mara moja kwa siku, na usiku akisinzia juu ya daftari. Jumapili alivaa shati lake jeupe, akaimba nasi. Tulimpa mkono mlangoni, tukamwuliza, “Hujambo?” Akajibu, “Sijambo.” Tukaenda zetu.

Siku ya mtihani alikutwa na karatasi ndogo mfukoni. Akasimamishwa masomo mwaka mzima. Sisi hatukujua neno mpaka nafasi yake katika kwaya ilipokuwa tupu Jumapili ya tatu. Mmoja wetu akauliza, “Yule kijana mrefu yuko wapi?” Ndipo tulipoona aibu yetu: miaka miwili ameimba nasi, na hapakuwa na mtu aliyejua jina lake kamili wala mahali alipopanga.

Hatusemi kwamba hakutenda dhambi. Alitenda, na mwenyewe alikiri. Kuangalizia ni wizi na uongo pamoja. Mwanafunzi wa uganga anayeangalizia leo, kesho atampa mgonjwa dawa asiyoijua. Na yule wa uhasibu atavuruga fedha za wakulima. Chuo kilitenda haki. Lakini Danieli alikataa chakula cha mfalme; kijana wetu hakuwa na chakula cha kukataa. Danieli alikuwa na wenzake watatu. Kijana wetu alikuwa na sisi.

Hapa Moshi neno ushirika si geni. Wakulima wa kahawa wa mlima huu walikuwa na chama chao kikuu, KNCU, tangu mwaka 1933, maana waliona kwamba mwenye magunia mawili hawezi kusimama peke yake mbele ya mnunuzi. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Humo vijana hujifunza jinsi wanyonge wanavyoweza kuunganisha kidogo chao kikawa kingi.

Nasi Wakristo tunalo neno lilo hilo. Twalisoma katika Matendo 2:42. Twalitamka katika Neema mwishoni mwa ibada. Twaiita Meza ya Bwana Ushirika Mtakatifu. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walikusanyika mezani, na huku mmoja ana njaa na mwingine amelewa (1 Wakorintho 11:21). Je, sisi tu bora kuliko wao? Twapokea mkate mmoja altareni, kisha huyu huenda nyumbani kwenye mtori wa nyama, na yule huenda kwenye chumba kisicho na unga. Mkulima amejua kuunganisha kahawa yake na ya jirani. Sisi je, hatujui kuunganisha sahani zetu?

Basi tufanye mambo matatu, nayo si makubwa. Kwanza, tuwajue kwa majina. Liwepo daftari mlangoni, na wazee wa kanisa walisome. Pili, kila nyumba inayoweza imwalike mwanafunzi mmoja chakula cha Jumapili, asiwe mgeni wa kupikiwa pilau, bali mtoto wa nyumbani wa kula kilichopo. Tatu, tusiulize “Hujambo?” tu, bali tuulize, “Umekula? Masomo yanakwendaje?” na tungoje jibu.

Nanyi vijana wetu, sikilizeni. Danieli hakunyamaza, alikwenda kwa msimamizi akaeleza haja yake kwa adabu. Msifiche njaa yenu mpaka iwaamulie. Aibu ya kuomba unga ni ndogo kuliko aibu ya kukutwa na karatasi mfukoni. Someni wawili wawili, watatu watatu. Asiyeelewa amwendee mwalimu mapema, asingoje usiku wa kuamkia mtihani.

Kijana yule tulimtafuta, tukampata. Alikuwa bado mjini, akiona haya kurudi kwao. Mwaka wa masomo ukifunguliwa, atarudi kuanza tena pale alipoangukia. Safari hii jina lake tunalijua, na Jumapili anajua sahani yake iko wapi.

Ee Bwana, uliyewapa vijana wanne maarifa katika nchi ya ugeni, uwape na hawa wetu akili safi na mikono safi. Nasi utusamehe kwa kukaa karibu nao bila kuwajua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.