Marejeo ni Ngamani

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii imetoka kwa mabaharia wa pwani, na mtu anaweza kuuliza inatafuta nini Sumbawanga, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa ulioinuka mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, penye upepo wa baridi na nyasi hadi upeo wa macho. Lakini Ufipa imekaa kati ya maziwa mawili. Mashariki ardhi inaporomoka ghafla kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Magharibi inateremka hadi Ziwa Tanganyika, ambako watu wa Kirando na Kasanga wanaujua mtumbwi kama wanavyolijua jembe. Kasanga ilikuwa moja ya bandari za Liemba, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria na magunia. Watu wa huku hawana haja ya kufundishwa kwamba chombo kina nyuma, kina mbele na kina chini.

Tezi ni nyuma, anakokaa mshika usukani. Omo ni mbele, kunakotazamwa miamba na bandari ijayo. Ngama ni chini kabisa, tumboni mwa chombo, ambako maji yanayopenya kati ya mbao hukusanyika, na baharia hushuka akainama kuyafua. Chombo cha mbao huvuja hata kikiwa kizima. Kwa hiyo ngama haipumziki, na anayeishughulikia haonekani kutoka ufukoni.

Kwa kawaida tunaifafanua methali hii kwa ufupi: nenda utakako, mwisho utarudi kwenu. Mzazi humwambia hivyo mtoto anayepanda basi la Mbeya au Dar es Salaam, nusu kwa kumfariji, nusu kwa kumtisha. Sioni ubaya wa matumizi hayo, ila yanaiacha nusu ya methali nje. Methali haikusema marejeo ni nyumbani, wala kitandani, wala mezani penye chakula. Imesema ngamani. Mahali pa kurudia ni mahali pa kazi, tena kazi ya kuinama. Na sababu ya kurudi si kiu ya zamani. Ni kwamba maji yanaongezeka huko chini, ukiyakumbuka usiyakumbuke, na yakizidi tezi na omo navyo vitazama.

Hapo ndipo methali hii inaponigusa mimi, mtu niliyependa kuchora tangu sijui kusoma. Mtoto wa Ufipa huanza kuchora bila kuagizwa na mtu. Mkaa uko jikoni, ukuta wa udongo uko hapo, na mchanga wa uani hufutika kwa kiganja. Baadaye huja daftari, ambalo kurasa za mbele ni za hesabu na za nyuma ni za ng'ombe, malori na sura za walimu. Kisha huja ajira. Yangu ilikuwa ya ghala la mazao: mizani, stakabadhi, unyevu wa mahindi, idadi ya magunia. Hakuna aliyenikataza kuchora. Kazi ilinipeleka tezi, familia ikanipeleka omo, na kote huko nilikuwa na haki ya kuwepo. Kilichobadilika nilikigundua polepole: nilianza kuvitazama vitu ili nivihesabu tu. Gunia likawa namba. Mkulima akawa sahihi chini ya karatasi. Nilikuwa na macho yaleyale, lakini yalikuwa yameacha kukaa juu ya kitu.

Nadhani hayo ndiyo maji ya ngamani kwa mtu anayechora. Kuchora ni kukubali kukitazama kitu kwa muda mrefu kuliko matumizi yake yanavyohitaji. Tabia hiyo ndiyo inayotubeba hata pale tunapofanya mengine, na isipotunzwa hupungua bila kelele.

Tanzania iliwahi kuwa na mtu aliyekwenda tezi na omo kweli kweli. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alisoma sanaa Makerere kwa Margaret Trowell, kisha katika shule ya Slade, London, na akarudi kufundisha Makerere. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alitumwa London kuiwakilisha nchi, akakaa huko hadi mwaka 1964. Baadaye alishika madaraka ya utamaduni serikalini na kuendelea kufundisha. Ukizitazama picha zake, hukuti karamu za kibalozi. Unakuta migomba ya Kilimanjaro, watu wanaolima pamoja, wanaojenga nyumba, wanaovuna. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1960. Ninachokithamini kwake ni hiki: hakungoja astaafu ndipo arudi. Alirudi ngamani akiwa bado tezi, mkono mmoja kwenye shughuli za dola na mwingine kwenye brashi. Kwa hiyo marejeo ya methali si lazima yawe safari ya mwisho ya uzee. Baharia hushuka kufua maji mara nyingi katika safari moja.

Wako wanaowakemea waliokawia kurudi kwa methali kali zaidi. Mwacha asili ni mtumwa, husema. Au: usiache mbachao kwa msala upitao. Nazikubali zikitumika mahali pake, kwa mtu anayedharau kilichomlea. Kwa aliyeacha kuchora ili alipe ada za watoto, naona ni kumdhulumu. Methali ya tezi na omo ina busara ya upole ambayo hizo mbili hazina. Haiilaumu safari. Chombo kisichokuwa na mtu tezi hakifiki popote, na kisicho na macho omo hupanda mwamba. Miaka ya mizani haikuibwa kutoka kwenye michoro yangu. Kwa sehemu ndiyo iliyonifundisha uzito wa gunia, na mgongo wa mbebaji unavyopinda kabla hajalitwaa.

Hata hivyo upole huo hauondoi inda ya kazi yenyewe. Mapenzi huweza kukungoja miaka, mkono haungoji. Nilipoanza tena nilikwenda kuchora mashamba ya nje ya mji, yale ya matuta ya mviringo ambayo Wafipa wamelima kwa vizazi vingi. Nyasi hufunikwa kwa udongo zikiwa bado mbichi, zikaoza ndani ya tuta; maharage hupandwa juu yake, na msimu unaofuata tuta hubomolewa na kutandazwa ili ardhi hiyo iliyopata rutuba ipandwe ulezi au mahindi. Kwa mchoraji matuta hayo ni mtihani mzuri, maana kila moja lina upande wa mwanga na upande wa kivuli, na safu zake hufuata mteremko wa kilima. Mtoto wa mwenye shamba alikuja kusimama nyuma yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Unachora matuta ya nani?"

"Ya baba yako."

Akatazama karatasi, akatazama shamba. "Ya baba yamesimama, babu. Haya yako yamelala."

Alisema kweli. Nilikuwa nimechora duara juu ya duara, kama vile natazama kutoka mbinguni, kwa sababu nilichora ninachokijua kuhusu tuta badala ya tuta lililokuwa mbele yangu. Nikaanza upya, na chini ya kila tuta nikaanza na kivuli.

Ufipa yenyewe iliwahi kuyapitia marejeo ya namna hii, tena hadharani. Nchi hii ilisifika kwa wahunzi. Tanuri lao refu, ambalo kwa wingi huitwa malungu, lilizidi kimo cha mtu, likavuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Majembe ya viwandani yalipojaa sokoni wakati wa ukoloni, kazi ikapungua hadi ikazimika. Miongo kadhaa baadaye watafiti waliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha wafanye tena, ili ujuzi wao uandikwe. Haikutosha kusimulia moto ulivyokuwa. Kuna udongo wa kichuguu wa kusaka na kukanda, kuta za kuinua, miti ya kuchoma mkaa, mawe ya kuchimba na miiko ya kushika, yote kabla ya cheche ya kwanza. Ujuzi wa namna hiyo hurudi kuanzia chini, kwenye tope, kupitia mikono.

Mabaki ya malungu bado yamesimama sehemu mbalimbali za uwanda. Mvua za kila mwaka zinayala. Picha za simu zinapigwa, na ni vizuri zipigwe, lakini picha ya simu haimlazimishi mtu kujiuliza ukuta huu una unene gani, tundu hili limeinama kwa pembe ipi, ufa huu ulianzia juu au chini. Anayechora hulazimika kujua, la sivyo mstari unakataa. Ningependa wanafunzi wa shule zilizo karibu na matanuri hayo wapelekwe na karatasi na penseli, na wenye mkono uliokakamaa kama mimi twende nao. Wakati wake ni mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikishaungua, maana hapo tanuri linaonekana kuanzia kwenye msingi na hakuna haja ya kulifyekea njia.